Mbwa Anayetapika na Kuharisha Sana: Kwa Nini Tunauliza Maswali Mengi Kabla ya Kutoa Dawa

Katika miezi ya karibuni dawati letu la huduma limepokea malalamiko mengi yanayofanana kutoka kwa wenye mbwa: kwamba tunakataa kuwatajia dawa ya kuzuia kuharisha kwa njia ya simu, kwamba tunawasubirisha nje ya mlango wagonjwa walio katika hali mbaya, na kwamba tunawalaza kwa siku mbili au tatu mbwa ambao, kwa maoni ya wenyewe, wangetundikiwa dripu moja, wakachomwa sindano na kurudi nyumbani. Wanaolalamika ni watu wanaowapenda wanyama wao, na hilo hatuna shaka nalo. Hata hivyo, karibu kila lalamiko limesimama juu ya dhana moja, kwamba ugonjwa ni kule kuharisha kwenyewe na kwamba kazi ya daktari wa mifugo ni kukomesha kuharisha huko. Dhana hiyo inawagharimu mbwa maisha yao, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Kuharisha na kutapika ni dalili za mambo mengi yasiyofanana kwa matibabu: virusi, bakteria, minyoo, sumu, kitu kilichokwama tumboni, kongosho lililovimba baada ya mlo wenye mafuta mengi, hata maradhi ya figo, ya ini au ya tezi zilizo juu ya figo. Kinachoua katika mengi ya hayo ni upungufu wa maji mwilini. Chukua mbwa mwenye kilo 10 ambaye ametapika na kuharisha usiku kucha, hadi daktari anakadiria kuwa amepoteza maji yaliyo sawa na asilimia 8 ya uzito wake. Huyo anadaiwa mililita 800 zilizokwisha kupotea. Juu ya hizo anahitaji mililita 50 hadi 60 hivi kwa kila kilo kwa siku ili mwili uendelee na kazi zake za kawaida, yaani mililita 500 hadi 600 nyingine, na bado hatujahesabu anayoendelea kuyatoa kila anapotapika. Hesabu hiyo ndiyo jibu letu kwa wanaouliza kwa nini chupa moja ya nusu lita haitoshi. Aidha, maji hayo hayaondoki peke yake, bali huondoka pamoja na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo ikipungua sana misuli hulegea, utumbo huzembea na mapigo ya moyo huvurugika. Kwa watoto wa mbwa huongezeka jambo jingine, kwamba sukari ya damu hushuka upesi kwa sababu hawana akiba.

Mwenye mbwa anaweza kupima mambo matatu nyumbani, na akitupigia simu akiwa na majibu yake anatusaidia kuliko akitusimulia kwamba mbwa "amechoka". La kwanza ni ufizi: ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, uachie, na rangi yake irejee ndani ya sekunde 2. Ufizi uliokauka na kunata, uliopauka au uliokuwa mwekundu kupita kiasi ni habari mbaya. La pili ni ngozi iliyo kati ya mabega, ambayo ukiivuta na kuiachia inapaswa kurudi mahali pake mara moja. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwa kuwa upungufu wa maji ulio chini ya asilimia 5 hauonekani hivyo hata kwa jicho la mzoefu, na ngozi ya mbwa mzee au aliyekonda hukawia kurudi hata akiwa mzima. La tatu ni joto, linalopimwa kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Wengi huogopa homa peke yake, ilhali mbwa anayeharisha ambaye joto lake limeshuka na miguu yake imekuwa ya baridi anaweza kuwa karibu na kifo kuliko mwenye homa.

Mbwa mkubwa aliyechanjwa, anayechangamka, anayekunywa maji na kuyahifadhi, na ambaye ameharisha mara mbili tatu bila damu, anaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku moja au mbili. Apewe maji safi kidogo kidogo na mara kwa mara, kwani tumbo lililokasirika likijazwa maji kwa mkupuo huyarudisha yote pamoja na mengine. Myeyusho wa ORS unaweza kutumika kwa mbwa asiyetapika, mradi mwenye mbwa awe amesoma karatasi yake na kuhakikisha hauna kitamu cha zailitoli, ambacho ni sumu kwa mbwa. Asinyweshwe kwa nguvu kwa bomba la sindano akiwa amelegea, kwa sababu maji yanayoingia mapafuni huanzisha ugonjwa wa pili.

Kuhusu chakula, ushauri wa zamani wa kumfungisha mbwa siku nzima au mbili hatuutoi tena. Kuta za utumbo hujilisha kwa chakula kinachopita ndani yake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mbwa wenye parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, waliolishwa mapema kwa mrija wa puani walipata nafuu haraka kuliko waliosubirishwa hadi kutapika kukome. Kwa mgonjwa wa nyumbani, saa chache za kupumzika baada ya kutapika zinatosha, kisha apewe mlo mwepesi kama nyama isiyo na mafuta iliyochemshwa pamoja na wali, bila chumvi, bila kitunguu wala viungo, ugawanywe mara nne hadi sita kwa siku, na arudishwe kwenye chakula chake cha kawaida hatua kwa hatua ndani ya siku tatu hadi tano. Mtoto wa mbwa asiachwe na njaa hata kidogo kwa kisingizio cha kupumzisha tumbo.

Yasiyofaa kupewa ni mengi, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa maana tumelirudia jambo hili mara nyingi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huchoma tumbo la mbwa na kuumiza figo ambazo tayari zimekosa maji; parasetamoli inaweza kuharibu ini na chembe nyekundu za damu. Loperamidi, ambayo watu huitumia wenyewe wanapoharisha, huzuia utumbo kutoa vimelea na sumu, na kwa mbwa wa jamii ya Collie na jamaa zao wanaobeba kasoro ya jeni iitwayo MDR1 huingia kwenye ubongo na kuwalaza hoi. Maziwa hayaondoi sumu. Hayana uwezo huo kabisa, na mbwa wengi wakubwa hawawezi kuyasaga vizuri, kwa hiyo huzidisha kuharisha. Maji ya chumvi yanayonyweshwa ili kumtapisha mbwa yanaweza kumuua kwa kupandisha kiwango cha sodiamu katika damu, hata kama alichokula hapo mwanzo kisingemdhuru.

Zipo hali ambazo hazisubiri simu ya pili. Damu katika matapishi au kinyesi, kutapika kunakorudiwa hadi hata maji hayakai, unyonge, ufizi mweupe, umri wa chini ya miezi sita, chanjo zisizokamilika, ujauzito, au ugonjwa mwingine wa kudumu, kila kimojawapo kinatosha kumleta mbwa siku hiyo hiyo. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anayejikamua kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likifura kama ngoma huenda tumbo lake limejisokota, na huyo anahitaji upasuaji ndani ya muda mfupi sana. Uzi au kamba inayoning'inia sehemu ya haja kubwa au iliyojizungusha chini ya ulimi isivutwe, kwa sababu inaweza kuukata utumbo kama msumeno. Mbwa anayetapika, kuharisha, kudondokwa na mate, kutokwa na machozi na kutetemeka kwa pamoja huenda amepata sumu ya kuulia wadudu. Aletwe pamoja na chupa au karatasi ya dawa hiyo. Kama mwenye mbwa ndiye aliyeitumia au kuiacha wazi, aseme. Hatuulizi ili kumlaumu mtu, na dakika kumi tunazopoteza kwa kufichwa ukweli ni dakika za mgonjwa.

Sasa kuhusu dawa kwa njia ya simu. Katika nchi nyingi daktari wa mifugo haruhusiwi kuandika cheti cha dawa kwa mnyama ambaye hamjui wala hajamchunguza. Akifanya hivyo, anaweza kuitwa mbele ya baraza la taaluma yake, akaonywa, akasimamishwa kwa muda au akafutwa kwenye rejesta, na kwa baadhi ya dawa akafunguliwa mashtaka. Kila antibayotiki inayotoka kwetu huandikwa jina la mnyama na la mwenyewe, uzito, sababu, kipimo, idadi ya siku na sahihi ya aliyeidhinisha, na kumbukumbu hizo hukaguliwa. Utaratibu huu unatokana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo linalowahusu wanadamu sawasawa na wanyama. Visa vingi vya kuharisha kwa ghafla kwa mbwa ambaye hana homa wala unyonge hupona bila antibayotiki yoyote, ikiwemo metronidazoli ambayo watu huiomba kwa jina. Anayeuliza kwa nini basi mbwa wa jirani alipewa, aelewe kwamba huenda yule alikuwa na parvo, ambayo hubomoa kuta za utumbo na kupunguza chembe nyeupe za damu kwa wakati mmoja, hivyo bakteria wa utumboni huingia kwenye damu isiyo na walinzi. Dawa pale ni kwa ajili ya bakteria hao. Virusi vyenyewe haviguswi nayo.

Parvo ndiyo sababu ya mgonjwa kusubiri nje. Virusi hivi vilijitokeza kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea duniani kwa muda mfupi. Huweza kudumu kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, na hubebwa na viatu, kamba, vyombo na mikono. Kwa hiyo mbwa anayeharisha, hasa mdogo, hapitishwi ukumbini. Mhudumu humfuata kwenye gari au kibandani, huchukua sampuli ya kinyesi, hufanya kipimo kinachotoa jibu kwa muda mfupi, kisha mgonjwa huingizwa kwa mlango wa wodi ya kutengwa. Jibu la kutokuwa na virusi halimwondolei shaka daktari moja kwa moja, kwani mapema au mwishoni mwa ugonjwa kipimo kinaweza kukosa kuvinasa, ndiyo maana tunahesabu pia chembe za damu. Asiyepewa matibabu ana nafasi ndogo ya kupona, ilhali wengi wanaofikishwa mapema na kupewa dripu, dawa ya kuzuia kutapika na chakula hupona.

Hapa pana kosa tunalokutana nalo karibu kila siku: "Mbwa wangu amechanjwa." Tukifungua kadi tunakuta chanjo ya kichaa cha mbwa peke yake. Chanjo hiyo ni ya lazima mahali pengi na tunaisisitiza, lakini haimkingi mbwa dhidi ya parvo hata chembe. Chanjo ya parvo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 ya umri, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto atimize wiki 16 au zaidi, kwa kuwa kinga aliyopewa na mama yake huizuia chanjo ya mapema kufanya kazi, kisha huongezwa kabla au atakapofikisha mwaka. Sindano moja haikamilishi chochote. Kadi yenye tarehe tu, isiyo na kibandiko cha namba ya toleo la chanjo wala sahihi, tunaihesabu kuwa hakuna chanjo, na kughushi kadi ni kosa la jinai hata kama nia ilikuwa kurahisisha safari.

Tahadhari moja haina budi kutajwa pamoja na hayo. Mbwa anayedondokwa na mate, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika sauti au tabia, asidhaniwe tu kuwa amekwamwa na mfupa au amechafukwa na tumbo, na mtu asiingize mkono kinywani mwake. Kichaa cha mbwa huweza kuanza hivyo. Aliyeng'atwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, aende kituo cha afya mara moja, na taarifa itolewe kwa mamlaka ya mifugo.

Mbwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani bado anaweza kutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki mbili au zaidi, kwa hiyo asikutanishwe na mbwa wengine kwa muda atakaoelekezwa na daktari. Kinyesi kiokotwe kwa glavu kila mara, kwa maana baadhi ya minyoo na bakteria wa mbwa huwapata watu pia, watoto kwanza. Sakafu na vyombo vioshwe kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, ndipo ipakwe klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji na iachwe ikiwa na unyevu kwa dakika 10. Klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu, na vitakasa mikono vya kileo haviui parvo. Anayetaka kuleta mtoto mwingine wa mbwa katika nyumba hiyo asubiri hadi mtoto huyo amalize chanjo zake zote huko anakotoka, na matandiko ya mgonjwa wa kwanza asiyarithi.