Pampu ya mkono haifi ghafla

Pampu nyingi za huku Nile Magharibi nchini Uganda, Koboko hadi Yumbe, zimewekwa karibu na shule ya msingi ili wanafunzi na kijiji wachote maji mahali pamoja. Ikiharibika, wanaoumia kwanza ni watoto. Shuleni wanatumwa mtoni kabla ya kipindi cha kwanza ili posho, yaani ugali, ipikwe, na nyumbani wasichana wanaamshwa alfajiri kubeba jerikani. Haipiti muda mrefu kituo cha afya kinaanza kupokea wanaoharisha. Mimi kazi yangu ni kutengeneza pampu hizi, na karibu kila iliyokufa ilikuwa imetoa dalili mapema. Dalili hizo hata asiye fundi anaweza kuzipima, akiwa na saa na jerikani tu.

Tunazotumia sana Uganda ni U2 na U3, zilizotokana na India Mark II na Mark III. Chini kabisa, ndani ya maji, kuna silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni yenye vikombe vya mpira, na chini ya pistoni kuna vali inayozuia maji yasirudi kisimani. Juu ya silinda yanapanda mabomba ya mita 3 kila moja, yameungwa kwa nyuzi za kukaza kama za skrubu, na katikati yake zinapita fito zinazovutwa na mnyororo ulio kwenye kichwa cha pampu. Kwenye U2, ukitaka kubadilisha kikombe kimoja cha mpira lazima utoe mabomba yote. Kwenye U3 pistoni inavutwa kupitia ndani ya bomba, mabomba yanabaki chini. Kamati ya maji ya kijiji ijue pampu yake ni ya aina gani, maana idadi ya watu na vifaa vya kuifungua inategemea hilo.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza, zuieni watu wasipampu kwa dakika 30, kisha pampu mkihesabu. Maji yakitoka baada ya mara zaidi ya 5, kuna mahali yanarudi chini: ama vali ya chini imechoka, ama bomba limetoboka au halikukazwa vizuri. Cha pili, maji yakishaanza kutoka, pampu mara 40 kwa dakika moja, kila mara mkono ushuke hadi mwisho, na mkinge yote. Yakiwa chini ya lita 10, vikombe vya mpira vimeisha. Pampu ikichelewa kutoa lakini ikaendelea vizuri, shida ni kuvuja. Ikiwahi kutoa lakini maji ni kidogo, shida ni vikombe. Kuna hali ya tatu, na hii huwapotosha hata mafundi: pampu inaanza vizuri, halafu inatema hewa na kukauka, na mkiipumzisha maji yanarudi. Hapo kisima ndicho kimepungukiwa, hasa mwishoni mwa kiangazi, na kununua vipuri ni kutupa pesa.

Sasa maji mekundu. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linawarudisha watu mtoni wakati pampu bado inafanya kazi. Chai inageuka nyeusi, maharage yanabadilika rangi, sare nyeupe za shule zinapata madoa yasiyotoka. Mama wa nyumbani hawezi kulaumiwa akiyakataa maji hayo. Lakini maji ya mto yanayoonekana safi ndiyo yanayobeba kinyesi, na ndiyo yanayoharisha watoto.

Kabla ya kulaani kisima, tafuteni wekundu unatoka wapi. Kingeni maji ya kwanza ya asubuhi kwenye chupa nyeupe, kisha endeleeni kuchota kwa nusu saa na mkinge chupa ya pili. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, kutu ni ya mabomba: maji yamelala usiku kucha ndani ya chuma. Kama zote mbili zinageuka nyekundu, madini ya chuma yanatoka kwenye mwamba wenyewe, na kubadilisha mabomba peke yake hakutasaidia. Maji ya sehemu nyingi za Uganda yana asidi kidogo, na pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6.5 mabomba ya chuma kilichopakwa zinki hayadumu. Zinki huliwa kwanza, kisha nyuzi za viungo, na siku moja bomba linakatika na kuanguka kisimani pamoja na silinda. Kwa sababu hiyo mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi ya mabomba hayo kwenye pampu za mkono. Mkandarasi akija na bomba la namna hiyo leo, kamati ina haki ya kulikataa. Ombeni bomba la chuma kisichoshika kutu au la plastiki iliyokusudiwa pampu. Bomba la plastiki la kuvutia maji nyumbani halifai, fito zitalisugua hadi litoboke.

Jambo jingine linaloua pampu mapema ni mzigo. Chukua shule ya wanafunzi 600, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kunawa: ni lita 3,000, yaani jerikani 150. Pampu nzima inajaza jerikani ya lita 20 kwa dakika moja na nusu hivi, kwa hiyo shule peke yake inahitaji karibu saa 4. Kijiji cha watu 300 wanaotumia lita 20 kila mmoja kinahitaji saa saba na nusu nyingine. Pampu moja haipumziki kuanzia alfajiri hadi jua linazama, na wakati wa mapumziko ya saa nne shuleni watoto wananing'inia wawili wawili kwenye mkono wake. Beringi na mnyororo haviwezi kustahimili hivyo. Shule ivune mvua: paa la mita 20 kwa 7, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linatoa zaidi ya lita 1,000 hata ukiondoa zinazopotea. Tangi la lita 10,000 halimalizi kiangazi, lakini miezi ya mvua linaipumzisha pampu.

Pesa. Kaya 60 zikitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka unaleta 720,000, na mpira, vali na grisi ya mnyororo vinapatikana humo. Makosa ni kukusanya siku pampu imekufa, wakati kila mtu anasema hana. Huku kwetu ni rahisi kuchanga mara moja baada ya kuuza simsim kuliko kufuatana kila mwezi, na pesa zikae kwenye sanduku la kikundi cha akiba lenye kufuli tatu.

Kila mara kisima kinapofunguliwa, mabomba yamelala kwenye nyasi na mikono ya watu imeyashika. Msikubali fundi aondoke bila kutia dawa. Kisima cha kipenyo cha milimita 125 chenye maji ya kimo cha mita 30 kina lita kama 370. Gramu 30 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo, zinatosha. Pampu hadi maji yenye harufu ya dawa yatoke, ifungeni usiku kucha, asubuhi mwage nje hadi harufu iishe, ndipo wanafunzi wachote. Na katika daftari la kamati andikeni tarehe, idadi ya mabomba yaliyotoka na idadi ya yaliyorudi chini. Yakipungua, muulizeni fundi kabla hajapanda pikipiki yake.