Fête galante: tafrija ya waungwana kwenye bamba la shaba

Ukikuta maneno fête galante (tamka "fet galant") chini ya picha ya zamani, unaweza kukisia kilichomo kabla hata hujaitazama. Wanawake na wanaume waliovaa hariri wamekaa kwenye nyasi chini ya miti mikubwa. Mmoja anapiga gitaa, wawili wamejitenga wakinong'onezana. Hakuna anayefanya kazi. Fête ni tafrija. Galante ni ule uungwana wa mwanamume kumbembeleza mwanamke kwa maneno matamu bila kuvunja adabu, au akiivunja, aivunje taratibu.

Jina hili lilizaliwa kwenye daftari la ofisi. Mwaka 1717 mchoraji Mfaransa Antoine Watteau alikabidhi picha iliyohitajika ili apokelewe rasmi katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji na Uchongaji, Paris. Ilionyesha wapenzi na safari ya Cythera, kisiwa cha Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Jina la picha likaandikwa, kisha likakatwa, na badala yake pakaandikwa feste galante (tahajia ya zamani ya fête). Chuo kilithamini zaidi picha za historia, dini na visasili, na hii haikukaa vizuri kokote. Wateja hawakujali hayo: Louis XIV alikuwa amefariki mwaka 1715, wakubwa walirudi Paris kutoka Versailles, kwenye kasri la mfalme, na nyumba zao za mjini zilitaka picha ndogo za starehe. Watteau naye alikufa 1721, akiwa na miaka 36 tu. Wachoraji Pater na Lancret wakauendeleza mtindo wake.

Sasa shaba, maana baadhi ya picha hizi zilichorwa kwa rangi za mafuta juu ya bamba lake. Ni shaba nyekundu, ileile ya nyaya za umeme. Turubai ina nyuzi, na nyuzi hujitokeza chini ya rangi. Ubao hunywa mafuta, huvimba, hupasuka. Shaba haina nyuzi wala hainywi. Bamba lilikwaruzwa kidogo ili rangi ishike, likapakwa tabaka jembamba la kwanza, kisha brashi ikateleza. Ndiyo maana mchoraji aliweza kuweka nukta ya mwanga kwenye kila mkunjo wa gauni, na rangi bado inang'aa. Ubaya wake ni kwamba bamba likigongwa au kupinda, rangi hubanduka.

Huko Vienna, wachoraji Platzer na Janneck waliipenda sana shaba. Platzer, kwa macho yangu, huzidisha mno: picha zake zimejaa vitambaa na vyombo kama sebule ambayo mwenyewe hajui kutupa kitu.

Lancret ana utulivu zaidi. Nyakati zake Nne za Siku, zilizoko National Gallery ya London, ni mabamba manne ya shaba, kila moja kama sentimita 29 kwa 37, na ukiyafuata unaona muda unavyopimwa. Asubuhi bado tuko ndani: bibi aliyevaa gauni la nyumbani lililofunguka kifuani anamimina chai, na kasisi aliyeshika kikombe macho yake hayapo kwenye chai. Chumbani ipo saa. Mchana watu wako bustanini, penye saa ya jua. Alasiri wanacheza kete na dadu nje. Jioni wanawake wanaoga, na saa iliyobaki ni mwezi.