Mwili haujazoea kulala masaa matano, umeacha tu kukwambia umechoka

Kuna maneno nayasikia kwa wagonjwa karibu kila siku, na leo nayajibu kwa wote: "dokta mimi masaa matano yananitosha, mwili ushazoea." Halafu huyo huyo ndo kaja kulalamika kichwa kizito, anasoma meseji mara tatu haielewi, anaingia chumbani anasahau alichofuata, anagombeza watoto bila sababu, na anataka nimwandikie vitamini za ubongo. Sasa umezoea nini?

Hili jambo lilishapimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani walitoa matokeo ya watu wazima wenye afya zao, wengine walipewa masaa 8 kitandani, wengine 6, wengine 4, kila usiku kwa siku 14, na mchana wanafanyishwa testi, ikiwemo ile ya kubonyeza kitufe haraka kila ukiona alama kwenye skrini. Wa masaa 6 wakawa wanaharibikiwa siku hadi siku, wiki ya pili inaisha wanakosea kama mtu aliyekesha usiku mzima, na wale wa 4 ndo usiseme. Lakini waulize wanajisikiaje, wanakwambia usingizi upo kidogo tu. Yaani uchovu wanaousikia ulipanda siku za mwanzo ukatulia, huku makosa yanazidi kupanda. Hapo ndo penyewe. Kilichozoea ni hisia zako, ubongo haujazoea chochote, ndo maana mgonjwa akiniambia "mbona najisikia poa" mimi siandiki popote, maana anayejipima ndo huyo huyo aliyechoka.

Ukiwa macho, kemikali ya kuleta usingizi inayoitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo saa baada ya saa, na ukilala ndo inapungua. Ukikatisha usingizi unaamka na kiporo cha jana, kesho unaongezea kingine. Baadae ubongo unaanza kujizima sekunde chache macho yakiwa wazi. Kwenye kikao utapitwa na sentensi mbili, haya. Kwenye usukani je?

Wapo kweli wanaozaliwa na mabadiliko ya jeni yanayowafanya walale kidogo, mojawapo ni ya jeni la DEC2 yaliyoripotiwa 2009, hao wanalala kama masaa 6 hivi na wako fiti. Ila ni wachache mno, na hawaamshwi na alamu, hawaishi kwa kahawa, wala siku ya mapumziko hawalali mpaka mchana. Ukijiona unahitaji hata kimoja kati ya hivyo basi ndugu yangu wewe sio wao, wewe ni wa masaa 7 kwenda juu kama watu wazima wengi tulivyo.

Kahawa haikurudishii usingizi, inaziba tu zile sehemu adenosini inapotakiwa kushika, adenosini yenyewe bado ipo inasubiri. Na nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini masaa matano baadae, kwa hiyo ile ya jioni unainywa kutibu uchovu wa leo na unatengeneza wa kesho. Pombe nayo inawahi kukulaza kweli, halafu usiku wa manane inakukatakata usingizi.

"Nitafidia wikendi." Utapata nafuu kidogo, sikatai, ila wiki nzima ya kupunja hailipwi na asubuhi mbili, na ukiamka mchana Jumapili basi usiku usingizi unagoma na Jumatatu unaanza na deni. Mimi ushauri wangu ambao nang'ang'ania hata wagonjwa wakinichoka: saa ya kuamka iwe ile ile siku zote saba, ukitaka kuongeza usingizi ongeza kwa kuwahi kulala. Jaribu wiki mbili, masaa 8 kitandani, simu iwe chumba kingine, ndo uje tuongelee hizo vitamini.

Na wewe unayelala masaa 8 kamili na bado unaamka kichwa kizito, usijiite mvivu. Muulize unayelala naye kama unakoroma halafu pumzi inakata kidogo kisha unashtuka kama unayekabwa. Kama ndiyo, nenda ukapimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini, maana hapo masaa yapo ila usingizi wenyewe umevunjika vipande vipande. Kama hukoromi, omba uangaliwe damu na tezi ya shingo, na useme ukweli kuhusu dawa unazotumia na hali yako ya moyoni.