Waya Mmoja, Mabango Matano

Bendi ilitaka mabango ya maonyesho matano katika kumbi tano. Nikaanza na la kwanza, nikalipenda, na hapo ndipo nilipojikwaa. Ukumbi wa kwanza ulikuwa na jina la neno moja, fupi, likajaa upana wote wa karatasi bila shida. Ukumbi wa tatu ulikuwa na jina la maneno manne. Nilipolipachika mahali pale pale, herufi zilisinyaa mpaka zikafanana na maandishi ya pakiti ya dawa. Kazi ya siku mbili ikaishia kwenye pipa. Siku hizi seti yoyote naianza na bango gumu kuliko yote, lile lenye jina refu au lenye mgeni wa kuongezwa. Hilo likikaa sawa, mengine hayasumbui.

Nilichohitaji ni kuamua kipi kisibadilike. Ukubwa ni A2, yaani milimita 420 kwa 594. Robo ya chini ikawa ya maandishi tu: bendi, tarehe, ukumbi, saa, kwa fonti ile ile na mpangilio ule ule. Robo tatu za juu zikabaki huru, isipokuwa jambo moja. Waya wa gitaa unaingia kwenye ukingo wa kushoto sentimita 20 kutoka juu, unacheza unavyotaka katikati, kisha unatokea kulia kwa kimo kile kile. Bango moja umejifunga fundo, lingine umepanda kama ngazi. Yapange mabango bega kwa bega, waya unaendelea.

Kwenye kompyuta hilo ni rahisi. Kwenye karatasi kuna mashine ya kukatia, nayo huweza kuteleza milimita moja au mbili. Waya mwembamba ungeonekana umevunjika kila bango linapokutana na jirani yake. Nikaunenepesha hadi milimita 14, na mchoro nikaupitisha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Kasoro ipo bado, ila jicho haliioni.

Tulichapa kwa skrini, wino ukisukumwa kwa kipande cha mpira kupitia wavu uliozibwa pale pasipotakiwa rangi. Kila rangi inataka fremu yake na mzunguko wake wa kuchapa. Mabango matano kwa rangi mbili ni fremu kumi, na mpiga ngoma alikuwa bado anaomba rangi ya tatu. Nilimpa, lakini bila fremu. Umbo la njano nililifanya liwe lile lile kwenye mabango yote, buluu ndiyo ikabadilika. Fremu kumi zikashuka hadi sita. Na kwa kuwa buluu ilikuwa wino unaopitisha mwanga, kila ilipopanda juu ya njano ilizaa kijani. Njano hutangulia, ikauke kabisa, ndipo buluu ije.

Ubishi mkubwa ulikuwa kuhusu jina la bendi. Wao walilitaka lijipinde na kuyeyuka kama herufi za Wes Wilson, mchoraji wa mabango ya muziki wa San Francisco, mwaka 1966, zilizojaza umbo zima mpaka mtu asimame kuzisoma. Nazipenda sana. Mwenzake Victor Moscoso, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Josef Albers, msanii na mwalimu wa rangi, aligonganisha rangi zinazopingana mpaka karatasi ikaonekana inatetemeka. Lakini bango la namna ile humtegemea mtu mwenye nafasi ya kusimama na hamu ya kufumbua. Yetu yalikuwa yanaenda kwenye kuta ambazo watu huzipita kwa haraka. Nilibandika majaribio mawili ukutani, nikawarudisha nyuma hatua kumi, nikawaomba wasome tarehe. Ubishi ukaisha wenyewe. (Mwimbaji bado anadai aliisoma. Alikuwa anaijua kichwani.)

Niseme pia lililoniuma. Bango la nne, lenye fundo kubwa, ndilo nililolihangaikia kuliko yote, nalo ndilo dhaifu. Kwa mbali fundo lile ni doa. La pili, ambapo waya umejikunja mara moja tu na kuacha karatasi nyeupe ipumue, ndilo watu walilolibandua kwenda nalo nyumbani.

Bango la tano nilimalizia hadithi: waya unaingia kwenye amplifaya, haujitokezi tena kulia. Nilijiona fundi. Wiki moja baada ya kuchapa, bendi ikaongeza onyesho la sita.

Hapakuwa na pa kuuendeleza waya. Nikayakodolea macho mabango matano sakafuni kwa muda, ndipo nikaona kwamba la kwanza waya ulikuwa unaingia kutoka kushoto, na sikuwahi kuonyesha unatoka wapi. Mchapaji huchapa karatasi za ziada kila mara kwa ajili ya zitakazoharibika, na zilikuwa zimebaki 43 zenye njano tayari. Tulihitaji fremu moja tu ya buluu. Nikachora gitaa, waya ukitoka kwenye tundu lake kwenda kulia. Likawa bango la mwisho kwa tarehe na la kwanza ukutani.