Saikolojia si kusoma nyoyo: maneno ya barazani na yaliyomo darasani

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, haipiti wiki bila kijana au mzazi wake kuja kwetu kuniuliza juu ya saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu, kwa kuwa ndiyo niliyosomea chuoni. Maswali ni yaleyale. Nayaandika majibu yangu hapa, maana nawajua vijana wa Unguja na Pemba walioiacha fani hii kwa maneno ya barazani, na nawajua walioingia kwa maneno hayohayo wakavunjika moyo muhula wa kwanza.

"Ukishaisoma, utajua mtu anafikiri nini."

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, nikirudi likizo mashoga zangu hunyamaza nikikaa nao, kisha mmoja huniambia: haya, nitazame, mimi nikoje? Hakuna somo linalofundisha hilo. Linalofundishwa ni kwa nini anayekwambia ulivyo huonekana amepatia.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa kupima tabia. Baadaye akampa kila mmoja karatasi ya "majibu yake", akawataka waipe alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi ilivyowaeleza. Wastani ukapita 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno mamoja, na mengi aliyatoa katika kitabu cha unajimu: unapenda watu wakukubali, una uwezo ambao hujautumia, nje unaonekana umetulia na ndani una wasiwasi. Nani hayuko hivyo? Ukishalijua jambo hili, anayekufungulia kitabu cha nyota utamsikiliza kwa sikio jengine. Na wewe mwenyewe utaona aibu kumhukumu mtu kwa kumtazama mara moja. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata chuoni.

"Ni masomo mepesi, hayana hesabu."

Aliyezikimbia hesabu skuli atazikuta zinamsubiri huku. Takwimu zitakufuata kila mwaka: sampuli, wastani, uwiano, uwezekano. Mfano ninaowapa wadogo zangu ni wa masika. Miavuli inauzwa kwa wingi Darajani na mbu nao wanazidi, lakini hakuna anayesema mwavuli umezaa mbu, kwa sababu mvua tunaiona. Shida huja pale ambapo "mvua" haionekani. Mtoto anatazama simu sana na hafanyi vizuri skuli: simu ndiyo iliyomharibu, au ameikimbilia simu kwa sababu darasani ameshapotea, au nyumbani kuna jambo la tatu? Kujibu swali kama hilo kunataka hesabu na subira.

Hesabu zenyewe zina raha yake. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonesha wanafunzi filamu za ajali za gari, kisha wakawauliza mwendo wa gari hizo. Walichobadilisha ni kitenzi tu. Walioulizwa gari zilikwenda kasi gani "zilipogusana" walikisia, kwa wastani, kama kilomita 51 kwa saa. Walioulizwa "zilipobamizana" walisema kama 66. Katika jaribio la pili, watu waliitwa tena baada ya wiki na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Lakini katika 50 walioulizwa kwa "kubamizana", 16 walisema wameviona. Katika 50 walioulizwa kwa "kugongana", 7 tu. Neno moja limeingia katika kumbukumbu na kupanda vioo! Tangu nilipolisoma hilo, nikiwasikia watu wakisimulia ajali ya daladala iliyotokea njia ya Bububu, nasikiliza kwanza nani aliwauliza na kwa maneno gani.

"Utakuwa daktari wa wendawazimu, utapelekwa Kidongo Chekundu."

Kidongo Chekundu ndiyo hospitali yetu ya maradhi ya akili, na hapa wazazi huchanganya watu wawili. Daktari wa maradhi ya akili amesoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi hospitali mwaka 1, kisha akabobea miaka mengine 3. Huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia hakusomea dawa. Anayetibu hutibu kwa mazungumzo na mbinu zilizojaribiwa.

Na shahada ya kwanza, ambayo ni miaka 3, haikupi ruhusa ya kumtibu mtu. Lazima niliseme hili wazi. Anayetaka kutibu anahitaji shahada ya pili, kama ile inayotolewa Muhimbili, na muda wa kufanya kazi chini ya jicho la mkubwa wake. Ukifungua chumba chako na cheti cha miaka 3, utawaumiza watu waliokuamini. Shahada ya kwanza inakufungulia milango mengine: maskulini, miradi ya watoto, idara za utumishi, utafiti, na soba hausi zetu zinazowapokea vijana wanaoacha dawa za kulevya, ambako mtu anayejua namna uraibu unavyofanya kazi anahitajika sana.

Na hao wanaolazwa Kidongo Chekundu ni wagonjwa, kama wa Mnazi Mmoja walivyo wagonjwa.

"Ni mambo ya Freud."

Freud alikuwa daktari wa neva wa Vienna, na utamsoma katika mada chache. Lakini fani hii si yake peke yake: maabara inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia ni ya Wilhelm Wundt, Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879.

"Inapingana na dini."

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalijibu kwa heshima. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Khorasan aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akazifafanua hasira, khofu, huzuni na wasiwasi, kila moja na namna ya kuitibu. Neno "wasiwasi" tunalolitumia kila siku ni lilelile la Kiarabu alilolitumia yeye. Mgonjwa anaweza kusomewa Kurani nyumbani na akaonana na mtaalamu, na moja halilizuii jengine.

"Ni ya Wazungu, haituhusu."

Hapa pana nusu ya ukweli. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake waliandika mwaka 2010, wakinukuu hesabu ya Jeffrey Arnett ya mwaka 2008, kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Lakini anayesema tuiache kwa sababu hiyo anahakikisha tutabaki nje ya hesabu daima.

Mwaka wa tatu nilikwenda Pemba na dodoso langu la utafiti, maswali yameshatafsiriwa kwa Kiswahili safi. Mama wa kwanza niliyemuuliza kama amekuwa na huzuni wiki hizi mbili alinitazama, akaniambia: "Mwanangu, huzuni ni ya msiba. Mie sijafiwa. Mie nna mawazo tu, usiku silali." Nilikaa kitako chini ya mkarafuu wake, nikalifuta swali, nikaliandika upya kwa maneno yake. Nyumba ya pili wakanijibu.