Yukaza: maisha ya sakafuni katika nyumba ya Kijapani

Ingia jioni katika sebule ya kawaida Japani, watu wameshakula, runinga inawaka. Kochi lipo, la watu watatu, wala halijachakaa. Lakini walioliegemea kwa mgongo ni wengi kuliko waliolikalia. Baba yuko chini kwenye zulia, miguu ameinyoosha. Mtoto amekunja miguu mbele ya meza fupi. Kochi limekuwa egemeo. Wauza samani wa huko wanalifahamu jambo hili, na wapo wanaolinadi kochi kwa kutaja waziwazi kwamba linafaa kuegemewa na mtu aliyekaa chini.

Jambo lenyewe lina jina: yukaza. Yuka ni sakafu, na za ni kukaa. Yukaza basi ni namna ya kuishi ambayo mwili unakaa, unakula, unapumzika na kulala juu ya sakafu. Kinyume chake ni isuza, maisha ya kitini, kwa kuwa isu ni kiti. Wasanifu majengo hutumia maneno haya mawili, na ukifungua katalogi ya samani utayakuta.

Watu wengi wakizungumzia mapambo ya nyumba za Kijapani huanza na uchache wa vitu, rangi tulivu na mbao zisizopakwa rangi. Mimi naona huko ni kuanzia mkiani. Vyumba vile vilikuwa na vitu vichache kwa sababu sakafu ndiyo iliyokuwa kiti, ndiyo kitanda, ndiyo mahali pa kuweka sinia. Ukishalishika hilo, mengi ambayo Wajapani wananunua na kuacha kununua yanaanza kueleweka.

Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hana ugeni mkubwa na maisha haya. Viatu vinabaki mlangoni, jamvi linatandikwa, watu wanakaa kitako na chakula kinawekwa katikati. Tofauti ni kwamba jamvi letu hutandikwa na kukunjwa, ilhali tatami haikunjwi. Tatami ni sakafu yenyewe. Ni bamba nene la sentimita tano hadi sita, lile la kizamani likiwa na kiini cha majani makavu ya mpunga yaliyoshindiliwa na kushonwa kwa kamba, na juu yake umevutwa mkeka uliosokotwa kwa igusa, mmea mwembamba mrefu unaofanana na matete madogo. Kingo ndefu mbili hufungwa utepe wa kitambaa. Bamba moja la namna hiyo lina uzito wa kilo 30 hivi. Likiwa jipya ni la kijani na linanukia kama nyasi zilizokatwa asubuhi, kisha kadiri miaka inavyopita hugeuka rangi ya dhahabu iliyofifia.

Zamani, enzi za Heian (karne ya 8 hadi ya 12), watu wa tabaka la juu waliweka tatami chache tu juu ya sakafu ya mbao, mahali pa mkubwa kukaa. Baadaye, kuanzia enzi za Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16), ndipo zikaanza kujaza chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Hapo tatami ikawa kipimo. Ukubwa wa chumba ukahesabiwa kwa jo, yaani idadi ya tatami: chumba cha jo nne na nusu, cha jo sita, cha jo nane. Hesabu hiyo ingali hai hata kwenye nyumba zisizo na tatami hata moja. Tangazo la chumba cha kupanga Tokyo, chenye sakafu ya mbao tupu, bado litasema ni cha jo sita, na kanuni za matangazo ya nyumba zinataka jo moja isipungue mita za mraba 1.62.

Kuna mtego hapa. Tatami ya Kyoto kwa desturi ina urefu wa sentimita 191 na upana wa 95.5. Ya upande wa Tokyo ina 176 kwa 88. Ya majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa wingi baada ya vita vya pili vya dunia ni ndogo zaidi. Kwa hiyo jo sita za mji mmoja si jo sita za mji mwingine, na familia inayohama inaweza kukuta zulia lililoenea vizuri kule limepanda ukutani huku. Ndiyo maana mnunuzi makini hubeba utepe wa kupimia dukani, hata kama chumba chake anakijua kwa jo.

Katika chumba cha yukaza, kazi za chumba zilibadilika kwa saa. Asubuhi magodoro ya futoni yalikunjwa na kuingizwa kwenye oshiire, kabati kubwa lililojengwa ukutani lenye milango ya kusukuma. Ikaletwa chabudai, meza fupi, mara nyingi ya duara, yenye miguu inayokunjwa, pamoja na matakia ya kukalia. Baada ya kula meza ilikunjwa, ikaegemezwa ukutani. Mgeni akija, chumba kilekile kilikuwa baraza. Usiku futoni zilirudi. Samani nzito haikuwa na nafasi katika utaratibu huo, maana ingezuia kazi inayofuata.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya vita vya pili vya dunia. Nyumba zilikuwa zimeteketea, watu walibanana, na wasanifu walishikilia jambo moja: pa kulia chakula na pa kulala patenganishwe. Mwaka 1951 ukatoka mchoro wa nyumba za umma uliojulikana kama 51C, wenye jiko lililounganishwa na mahali pa kulia. Mwaka 1955 likaanzishwa shirika la serikali la kujenga makazi, nalo likaujaza ukingo wa miji kwa majengo ya ghorofa yaitwayo danchi. Mmoja wa waliosukuma fikra za jiko hilo ni Miho Hamaguchi, mwanamke wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo Japani. Alipinga nyumba iliyomweka mama kwenye jiko la baridi na giza nyuma huku chumba kizuri kikimsubiri mgeni. Jiko lilipoletwa katikati ya nyumba, meza ndefu na viti vililifuata. Mwaka 1960 mrithi wa ufalme Akihito na mkewe Michiko walitembelea danchi ya Hibarigaoka, na picha za ziara hiyo zikayafanya maisha ya kitini yaonekane kuwa ndiyo maisha ya kisasa.

Lakini vyumba vingine vya nyumba zilezile vilibaki na tatami. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi katika historia hii. Watu walinunua vitu vya isuza na kuviweka juu ya sakafu ya yukaza: zulia juu ya tatami, kochi juu ya zulia. Miguu minne ya kiti cha Kizungu ilidumbukia kwenye igusa na kuacha mashimo. Mafundi wakajibu kwa tatamizuri, mbao mbili ndefu za kulala sakafuni. Badala ya kiti kusimama kwa ncha nne, mguu wa mbele na wa nyuma wa kila upande huunganishwa na ubao mmoja, kama nyayo. Uzito unaenea, tatami inapona, na kiti kinaweza kusukumwa bila kukwaruza. Ukiona kiti cha Kijapani cha miaka ile, inama uangalie chini. Nyayo hizo zitakuambia kilitengenezwa kikikusudiwa sakafu ya namna gani.

Kampuni ya Tendo Mokko, ya mkoa wa Yamagata, ndiyo iliyotengeneza baadhi ya majibu bora. Daisaku Cho alibuni kiti kifupi mwaka 1960, cha kumshusha aliyekaa kitini karibu na aliyekaa chini. Katsuhei Toyoguchi alibuni kiti chenye egemeo la fito, kifupi na kipana kiasi cha mtu kuweza kupandisha miguu na kuikunja juu yake. Kenji Fujimori, mwaka 1963, aliondoa miguu kabisa: zaisu yake, yaani kiti cha sakafuni kisicho na miguu, ni kipande kimoja cha mbao za tabaka kilichopindwa, kiti na egemeo pamoja, chenye tundu la duara mahali pa kukalia ili takia lisiteleze na mbao ipungue uzito. Zaisu hizo hupangwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo nyumba ya wageni inaweza kuweka nyingi kwenye kona moja. Hao hawakuchagua kati ya sakafu na kiti. Walikaa na tatizo mpaka likatoa umbo jipya.

Kilichoishika yukaza wakati wa baridi ni kotatsu. Hii ni meza fupi yenye kipasha joto chini yake. Juu ya fremu hutandikwa blanketi nene linaloning'inia pande zote hadi sakafuni, kisha ubao wa meza huwekwa juu ya blanketi. Unaingiza miguu ndani, unajifunika hadi kiunoni, na familia nzima inakaa hapo ikimenya machungwa madogo ya msimu. Zamani joto lilitoka kwenye makaa. Mwaka 1957 Toshiba ilileta kotatsu ya umeme yenye kipasha joto kilichofungwa chini ya ubao, na sakafu ikabaki huru. Nyumba nyingi za Japani hazikujengwa kuzuia baridi, na kupasha joto watu wanne waliozunguka meza ni nafuu kuliko kupasha joto nyumba nzima. Leo kotatsu huuzwa kama meza ya mwaka mzima, ambayo blanketi lake hutolewa majira ya joto. Imetokea pia kotatsu ndefu ya kulia chakula kwa viti, kwa ajili ya wazee ambao magoti hayakubali tena kunyanyuka kutoka chini. Jina limebaki na joto limebaki, ila sakafu imeondoka.

Matetemeko nayo yana sehemu yake. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 liliua zaidi ya watu 6,400, na miongoni mwa mafunzo yake ni kwamba kabati refu kando ya kitanda chako ni hatari. Tangu hapo idara za zimamoto na miji zimesisitiza samani zifungwe ukutani, na chumba cha kulala kiwe na vitu vifupi. Kwa hiyo Mjapani anayenunua kabati fupi pengine hafuati mtindo wowote. Anataka tu aamke salama.

Nyumba mpya siku hizi zina sakafu ya mbao karibu kote, na chumba cha tatami kikiwapo ni kimoja. Aliyehesabu vyumba angesema yukaza imekufa, lakini itazame mikokoteni ya madukani. IKEA, kampuni ya samani ya Sweden, ilifunga biashara yake ya kwanza Japani mwaka 1986, na iliporudi mwaka 2006 ilijitambulisha Tokyo kwa kupamba vyumba vya jo nne na nusu. Nitori, iliyoanzia Sapporo mwaka 1967, inauza zaisu, meza fupi na kotatsu za kila aina. Muji, iliyoanza mwaka 1980 ikiwa na bidhaa 40 tu, ina mto mkubwa wa kukalia uliojaa punje ndogo, ambao watu wameubandika jina la kochi linalomharibu binadamu, kwa kuwa ukizama humo hutaki kuamka. Hilo nalo ni yukaza, bila tatami.

Tatami yenyewe imerudi kwa sura nyingine: vipande vya mraba vya sentimita 82 hivi, vyembamba, visivyo na utepe kingoni, vya kuweka juu ya mbao na kuondoa upendapo. Panga vinne au tisa, kila kimoja ukikigeuza robo duara kutoka kwa jirani yake, na mwanga wa dirishani utavigawa makundi mawili: hiki cheupe, hiki cheusi, kama ubao wa drafti. Rangi yake ni moja tu. Ni mwelekeo wa nyuzi unaofanya hivyo, na ukihamia upande wa pili wa chumba, vyeupe vinakuwa vyeusi. Vingi havina igusa, vinafumwa kwa karatasi iliyosokotwa au plastiki, kwa sababu karatasi haififii upesi na inapatikana kwa rangi nyingi. Igusa ya Japani sasa inalimwa karibu yote eneo la Yatsushiro, mkoa wa Kumamoto, nayo inashindana na mikeka mingi ya bei nafuu kutoka China. Ufundi wa kutengeneza tatami uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020, lakini kinachomweka mkulima shambani ni mnunuzi anayekubali kulipa zaidi kwa ile harufu.

Hata mashine za kufagia zimeingia kwenye mvutano huu. Roboti ya kufagia inahitaji uvungu wa sentimita kumi hivi ili ipite, na Wajapani wakabuni neno, rumbaburu, kutokana na jina la roboti ya Roomba, kueleza samani yenye uvungu wa kutosha. Kochi la chini kabisa, linalompendeza mtu wa sakafuni, roboti inaligonga na kugeuka. Wanunuzi wengine wanalichagua hilohilo, wengine wanachagua lenye miguu mirefu zaidi.

Jawabu ninalolipenda kuliko yote ni koagari, jukwaa la tatami linalojengwa kwenye kona ya sebule yenye sakafu ya mbao. Huinuliwa sentimita 30 hadi 40, na chini yake huwekwa droo za futoni, nguo za baridi na vitu vya watoto. Kimo hicho ni sawa na cha kiti. Bibi mwenye magoti mabovu anakaa ukingoni, miguu chini, bila kuinama wala kushikwa mkono. Mjukuu analala kifudifudi juu ya tatami nyuma yake na kalamu zake za rangi. Mama aliye kwenye kiti cha meza ya chakula anapogeuka kuzungumza nao, macho yake hayashuki hadi sakafuni kumtafuta mtu, kwa sababu wote watatu wako karibu usawa mmoja.