Je, wajua kwa nini "wastani siku 80" inaweza isimhusu hata mtu mmoja?

Juzi kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, jamaa mmoja wa bodaboda alikuwa na mawazo kweli, mdogo wake kakamatwa kwa kesi ya baiskeli, sasa kuna mtu kamwambia kesi za hivyo wastani zinaisha siku 80, basi keshaanza kuhesabu kwenye simu. Nikamwambia braza, hiyo 80 usiimeze nzimanzima.

Tutunge mfano, kesi tano. Ya kwanza imeisha siku 10, nyingine 12, nyingine 14, nyingine 15, alafu ya tano ndo zile za "upelelezi haujakamilika", inatajwa inaahirishwa, inatajwa inaahirishwa, mpaka siku 349. Jumla 400, gawa kwa tano, 80. Haya nionyeshe nani hapo alikaa siku 80? Hayupo! Wanne hawakufikisha hata siku 16, mmoja kasota karibu mwaka na ndo kawavuta wote. Ukizipanga kuanzia ndogo ukachukua ya katikati, yaani mediani, unapata 14, hiyo angalau inafanana na yaliyowakuta wengi. Ila na yenyewe inamficha yule wa 349 kama vile hakuwepo, kwa hiyo mi siiamini ikiwa peke yake.

Ndo inabidi uulize zimetawanyikaje. Chukua kesi zingine za siku 76, 78, 80, 82 na 84, wastani ni 80 ileile, lakini standadi devieshen yake, yaani kipimo cha namba zinakaa mbali kiasi gani na wastani, ni kama siku 3 tu, wakati zile za mwanzo inafika kama 134. Ukiona mtawanyiko umeuzidi wastani wenyewe jua kuna mtu kaachwa nyuma sana huko. Ziwa letu hili Tanganyika wastani wa kina ni kama mita 570, ila nenda Kibirizi uone watoto wanaoga maji ya kiunoni, na kuna sehemu linazama mpaka mita 1,470 hivi.

Na si kwenye siku tu. Kule Philadelphia, Marekani, watafiti walifuatilia rekodi za polisi za wavulana 9,945 waliozaliwa 1945, wakakuta makosa 10,214, wastani kama kosa moja kwa kila mtoto, ukisikia hivyo unaona mji mzima vibaka. Kumbe karibu 65% hawakuwa na kosa hata moja, mediani sifuri, na vijana 627 tu ndo walibeba zaidi ya nusu ya makosa yote. Sasa wewe kamata kila kijana unayemkuta barabarani kisa wastani, uone utasumbua wangapi wasiohusika.

Jamaa akaniuliza, sasa mdogo wangu ni wa siku 14 au wa 349? Nikamuuliza upelelezi wanasemaje.

"Eti haujakamilika."